Mkono Begani

Kanisa lilimchangia fundi cherehani nauli ya ndege, aende nchi ya watu kuhubiri na kuwafundisha wajane kushona. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Yeye alipewa ndoo ya kutapikia. Homa ilimwangusha kabla hajatunga uzi. Mjane mwenyeji wake akampisha kitanda, akahamia mkekani, akawa anamfulia na kumlisha.

Asubuhi moja, mjane akiwa amepiga magoti kumshikia ndoo, fundi alishikwa na kizunguzungu, akamwegemea begani kwa mkono. Mkuu wa msafara wao wa kanisa, mtu asiyeacha nafasi ya picha impite, akawapiga picha na kuituma nyumbani. Ndoo haikuonekana pichani.

Mchana ujumbe kutoka kanisani ukamiminika kwenye simu ya fundi: "Haleluya! Tumekuona ukimwekea mama wa watu mikono! Amepona?"

Fundi aliandika jibu, akafuta, akaandika, akafuta tena. Mwishowe akatuma: "Anaendelea vizuri." Akaificha simu chini ya mto kama kitu cha wizi.

"Wanasemaje huko kwenu, mwanangu?" mjane akauliza, akimpozea uji.

"Wanakuombea, mama."

Uso wa mjane ukang'aa. "Mungu awabariki! Wamejuaje kama mgongo unaniuma tangu nianze kulala chini?"