Dumu la Mama na Chai ya Jirani

Mama yangu hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Alilima shamba lake pale Nangara, akakamua ng'ombe, akapanga foleni ya sabuni kama wengine. Halafu ghafla, ameinama tu kuokota kuni, moyo unamwenda mbio, kichwa kinamgonga, jasho linamtiririka na uso unapauka. Baada ya muda yanaisha, anajifuta na khanga, anaendelea na kuni zake. Wapo waliosema ana mashetani. Wengine walisema ni mawazo, na nani hakuwa na mawazo miaka ile, hata chumvi ilipokuwa ya kusaka? Mimi nilisema huo ni upuuzi mtupu, twende hospitali. Nilikuwa fundi cherehani Bagara, kifungua mimba wake, na mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli.

Daktari alimpima presha, akapima tena. Vidonge alivyompa mwanzo havikufua dafu. Ndipo akatueleza kwamba si kila presha inatokana na moyo au mawazo. Juu ya figo kuna tezi, na ikiota uvimbe humwaga homoni ovyo, mtu akashikwa vile. Dawa yake ni kupasuliwa, lakini hakuna atakayempasua bila kipimo, na akishikwa vibaya siku moja anaweza asiamke. Kipimo chenyewe ni mkojo, wote wa kutwa na kucha, ukusanywe kwenye dumu alilotupa, lenye tindikali kidogo ndani ya kuuzuia usiharibike, upelekwe Moshi. Siku chache kabla, na siku yenyewe, asiguse ndizi, kahawa wala chai, maana vinaweza kudanganya kipimo.

Ndizi hazikunitisha. Chai ndiyo iliyonitisha. Kwetu mgonjwa hutembelewa, na akiletewa kitu hakatai.

Jirani yetu, mama wa makamo ambaye shamba lake lilipakana na letu, alikuja siku ile ile ya dumu, mimi nimekwenda kuchota maji. Alileta chupa ya chai ya maziwa, tena yenye sukari. Sukari! Nilirudi nikakuta kikombe kitupu, na mama haniangalii usoni.

"Ningemkataliaje?" akasema. "Ametoa sukari ya watoto wake."

Nilibeba dumu nikalimwaga lote chooni. Mama alilia, na mimi nilikuwa na hasira ya kupasua jiwe, lakini shaka sikuwa nayo. Kesho yake nilimfuata daktari, akanung'unika kwamba madumu ni adimu, akanipa jingine.

Safari hii nilitoa kiti nikakaa mlangoni na nguo zangu za kushona. Jirani akaja tena na chupa yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza kwamba mama yuko kwenye kipimo na chai haruhusiwi. Akaitazama chupa yake, akanitazama mimi.

"Mwanangu, chai yangu imekuwa sumu?"

"Kwa wiki hii, ndiyo, mama."

Akageuka akaondoka bila kuaga. Neno sumu mnalijua uzito wake. Kabla ya Jumapili watu walishasema tumemwita mchawi. Mama alinigombeza, akasema heri afe kuliko kuishi na jirani aliyenuna. Nikamjibu kwamba aliyenuna huombwa radhi, aliyekufa haombwi. Hata leo ningemjibu hivyo hivyo.

Dumu nililipeleka mwenyewe kwa basi. Njiani mgambo walitusimamisha wakitafuta walanguzi, na mmoja akashikilia kwamba nimeficha mafuta ya kula. Nikamwambia afungue anuse. Alinusa, akanirudishia bila swali la pili.

Majibu yalichelewa, lakini yalikuja: uvimbe upo. Mama akapasuliwa Moshi, na presha iliyoshindikana kwa vidonge ikashuka.

Siku aliyorudi hakuingia kwetu. Alipita mlango wetu, kitambaa cha kidonda bado kimefungwa tumboni, akaenda moja kwa moja kwa jirani. Mimi nyuma yake na mizigo.

"Jirani," akasema, "nimekuja kunywa ile chai."

Yule mama akaingia ndani, tukasikia anasogeza vitu, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na sukari, imeshikana kuwa bonge kwa kukaa. Watoto wake walikuwa pale uani wanakunywa uji, na mmoja akainuka kuchungulia kopo kama kitu asichokijua.

"Niliiweka," akasema. "Nilijua utarudi."

Akalivunja bonge kwa kijiko, akachemsha, akampa mama. Mama akanywa taratibu, machozi yakimtoka. Halafu jirani akajaza kikombe cha pili, akakileta mpaka mlangoni nilipokuwa nimesimama na mizigo yangu.

"Na wewe kunywa," akaniambia. "Wiki ile imeisha."

Nikanywa. Ilikuwa tamu mno, nikamwomba radhi kabla sijarudisha kikombe.