Picha ya Nywele

Maimunah Wahabi alikuwa mhariri wa picha katika gazeti moja la Kampala kwa miaka mingi, mpaka gazeti lilipopunguza kurasa na watu. Baada ya hapo aliishi kwa kazi za hapa na pale. Alifundisha vijana kupiga picha, akapanga picha za vitabu vya mashirika, na kila mwaka aliitwa kuwa mwamuzi wa mashindano ya picha za habari. Wapiga picha walimheshimu na kumwogopa kidogo. Angeweza kuitazama picha iliyomhangaisha mtu mwezi mzima, akasema, "Hii toa," na kuendelea na nyingine.

Mwaka huo waamuzi walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Makokha, Mkenya aliyehamia Kampala zamani akifanya kazi na shirika la habari. Wa pili alikuwa Kidega, mhadhiri aliyekulia katika kambi za jeshi kwa sababu baba yake alikuwa askari. Kiswahili kiliwaunganisha, kila mmoja akikisema kwa namna yake. Walikaa katika chumba cha hoteli huko Nakasero, mapazia yamefungwa, picha zikioneshwa ukutani bila majina ya waliozipiga.

Mchana lilikuja simulizi la picha nane, la mzee wa Bugolobi anayemtunza mkewe aliyepoteza kumbukumbu. Picha ya kwanza ilionesha mlango wa fleti uliofungwa kwa kamba ili mgonjwa asitoke. Ya pili ilimwonesha mzee mwenyewe, akipepeta mchele kwenye ungo.

Alikuwa Abdunoor, mume wa Maimunah wa zamani, baba wa mtoto wao Hamim. Mgonjwa alikuwa Nabilah, aliyeolewa na Abdunoor mwaka uleule Maimunah alipopewa talaka. Hamim alikuwa amemwambia mama yake kwamba Nabilah anaumwa. Hakusema zaidi, na yeye hakuuliza.

Aliziacha picha zipite mpaka ya nane. Katika ile ya sita Abdunoor alikuwa amekaa kitandani, magoti yake yamemshika mabegani Nabilah aliyekaa sakafuni, anamchana nywele. Mwanga wa dirisha uliangukia mikono ya mzee, na uso wa mgonjwa ulikuwa umetulia kabisa. Ilikuwa picha bora kuliko zote walizoziona siku hiyo. Maimunah alijua hivyo kabla hajajua anajisikiaje.

"Nawafahamu hawa," akasema. "Huyu alikuwa mume wangu."

Makokha alivua miwani. "Basi, dada, itabidi utoke kidogo."

Alitoka akakaa kwenye korido na kikombe cha chai. Alipoitwa ndani hawakumwambia waliamua nini, naye akaendelea na picha za watu wengine mpaka jioni.

Simulizi lile lilipata nafasi ya kwanza. Mshindi alikuwa kijana aitwaye Ocira. Siku ya kufungua maonesho, Maimunah alimkuta Abdunoor amesimama mbele ya picha zake mwenyewe, amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri.

"Mama Hamim," akamsalimu. "Nimesikia ulikuwa miongoni mwa waamuzi."

"Zenu sikuziamua. Nilitoka. Nabilah yuko na nani?"

"Jirani." Akaigeukia picha ya sita. "Watu wote wanaipenda hii. Na mimi niliona ni usumbufu tu. Nilishamaliza kumchana, kijana akaniambia mwanga ulikuwa mbaya, nirudie. Akatuhamisha dirishani, nikarudia."

"Alikuambia urudie?"

"Ndiyo. Kuna ubaya gani? Namchana kila siku."

Katika mashindano yale, mpiga picha hakuruhusiwa kumpanga mtu wala kumwambia arudie jambo. Maimunah ndiye aliyesaidia kuandika sheria hiyo. Alisimama hapo muda mrefu baada ya Abdunoor kuondoka. Alifikiri kunyamaza, kisha akafikiri watu watasema nini asiponyamaza, kwamba ni wivu wa mke aliyeachwa. Mwishowe akamtafuta Makokha, akamweleza.

Makokha alimsikiliza mpaka mwisho. "Una hakika hakuna jambo lingine linalokusukuma?"

"Sina hakika," akasema Maimunah. "Lakini picha imepangwa. Muulize Ocira mwenyewe."

Ocira hakukana. Alisema aliona tendo lenyewe ni la kweli, ni mahali tu palipobadilika. Nafasi ya kwanza ilihamia kwa mwingine, na picha nane za Ocira zikaondolewa ukutani kabla ya wiki kwisha.

Abdunoor alimpigia simu. Hakupandisha sauti. "Umeniaibisha, Maimunah. Watu sasa wanadhani nimeigiza mapenzi."

"Hawakusema hivyo."

"Mimi ndivyo ninavyosikia."

Akakata simu. Maimunah hakumpigia. Alimwomba Ocira ile picha ya sita, na Ocira, ambaye hakutaka kuiona tena, akampa ikiwa ndani ya fremu yake. Jumamosi akaipeleka Bugolobi.

Abdunoor alifungua mlango, akaitazama fremu, akamtazama aliyeibeba. "Hii si ya uongo?"

"Kwenye mashindano, ndiyo. Hapa ni picha ya mkeo."

Mzee alisita, kisha akampisha. Nabilah alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha, mwembamba kuliko alivyoonekana pichani. Alimtazama mgeni kwa makini, akatabasamu kama mtu aliyekuwa akimsubiri.

"Fundi umekuja," akasema. "Gauni langu umemaliza?"

Abdunoor alifungua kinywa amsahihishe, lakini Maimunah alikuwa ameshakaa mkekani.

"Bado mikono," akasema. "Unaitaka mirefu au mifupi?"

Nabilah akanyoosha mkono wake, akaonesha mahali.