Kitabu cha Minyoo ya Ng'ombe

Jumanne, saa nne asubuhi, foleni yetu ilisimama mpakani Rusizi ya Pili, kati ya Kongo na Rwanda. Mjane aliyetoka Bukavu alibeba kitabu kimoja, alichopewa na maktaba kubwa ya chuo kikuu iliyokuwa ikigawa vitabu vyake vya zamani.

“Maman, kati ya vitabu vyote walivyogawa kule umechagua cha minyoo ya ng'ombe?” afisa wa forodha alicheka. “Una ng'ombe?”

“Sina hata kuku.” Akafunua jalada la nyuma, penye karatasi ya walioazima. “Hii saini ni ya papa ya batoto, marehemu bwana yangu. Vita ilichoma nyumba, sikubaki na mwandiko wake wowote.”

Afisa alivua kofia, akampisha.

Nami niliyekuwa nyuma yake, niliyefiwa pia, namshukuru mtunza maktaba aliyemwacha mjane huyo achague mwenyewe. Ee Mungu, walaze marehemu wetu mahali pema.