Uvivu Umefutwa Ubaoni

Jumamosi nilimfuata mwanangu twisheni hapa Bunju, nikawakuta kidato cha nne wakijiandaa kwa mtihani wa Kiingereza. Insha ilihusu umaskini na maendeleo. Mwalimu alikuwa ameorodhesha sababu za umaskini ubaoni, na ya kwanza ilikuwa uvivu.

Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Mama yangu anaamkaga kabla ya adhana kukaanga maandazi, jioni anauza samaki, na bado sie maskini. Niandike ni mvivu?"

"Hoja ya uvivu ina maksi," mwalimu akajibu. "Ukiiacha, lete nyingine, uitetee kwa Kiingereza."

Msichana akasimama, mikono imeshika dawati. Alianza kwa kusitasita, akakosea, akarudia, kisha sentensi zikafunguka: mtaji mdogo, riba kubwa, barabara isiyopitika masika.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akageuka na kuufuta uvivu kwa kiganja.

"Andikeni ya mwenzenu."

Sijui msahihishaji atampa ngapi. Mie nilirudi nyumbani nimevimba kifua kana kwamba binti yule ni wangu. Mwenye haki ya kuvimba hakuwepo kusikia, alikuwa kazini.