Karpi wa Mjomba na Maji Yangu ya Kijani

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole.

Nina bwawa dogo la perege bondeni, nje kidogo ya Msamala. Nililichimba na bibi yangu, mama mzazi wa mama yangu. Kwenye kona tumezungushia fito, na ndani yake tunatupa samadi na majani ili vioze na maji yawe ya kijani. Ukijani huo ndio chakula cha perege. Asubuhi nazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Nisipokiona kiganja, najua samaki wanashiba.

Mwaka jana mjomba alikuja kutoka Madaba na ndoo ya karpi wadogo, samaki wa kigeni wasio wa mito yetu.

"Mjomba, bwawa lako limeoza," aliniambia. "Hawa watafagia ukijani wote. Utaona mpaka chini."

Alikuwa ameshaanza kuinamisha ndoo. Nilitaka kumzuia, nikashindwa. Mbele ya wakubwa ulimi wangu huwa mzito.

"Mume wangu, sema!" bibi akanihimiza kwa utani wake wa kuniita mume. "Au unangoja samaki wakusemee?"

Nikasema, "Shikamoo mjomba," na nilikuwa nimeshamwamkia. Wakacheka wote wawili. Kicheko kile kikanilegeza.

"Wakimaliza ukijani, perege wangu watakula nini?" nikamuuliza. "Na mvua zikikolea bwawa hufurika. Hawa watatokea mtoni. Huko nani atawatoa?"

Mjomba akaitua ndoo chini. Karpi tukawapeleka kwenye shimo la zamani la udongo wa matofali, huko juu, ambako maji hayana pa kutokea.

Ukijani wa shimoni uliisha kweli, lakini karpi walichimbua tope mpaka maji yakawa kama chai ya maziwa. Kingo nazo zikaanza kumeguka. Walipokua, mjomba mwenyewe aliwavua, bibi akawakaanga.

"Watamu," alisema mjomba, akichomoa mwiba mdomoni. "Lakini mama, hii miiba ni kama kutafuna kitana."

"Kula, ni wageni wako hao," bibi akamjibu.

Mimi simchukii karpi. Kwenye shimo la peke yake anafaa, na nyama anayo. Ila asiachiwe mtoni, wala asitiwe kwenye maji yanayolisha perege. Wangu wamenenepa, na nikiwarushia pumba wanagombana mpaka wananirushia maji usoni.

Kama kuna mtu amefuga karpi na maji yake hayakuchafuka, naomba aniandikie aliwezaje. Nitamjibu, hata kama nitachelewa.