Hakusikilizwa

Mtaani kwetu Ipogolo, ukishika sindano tu unaitwa daktari. Ndiyo maana mume wangu alipofutiwa leseni, hakuna aliyeacha kumwita hivyo isipokuwa yeye mwenyewe.

"Kamwene, dakitari," jirani alimwamkia siku moja, mgongoni kabeba mtoto anayechemka homa. "Naomba niangalizie huyu."

"Mpeleke hospitali, mama. Mimi si daktari tena."

Nilitamani ardhi ipasuke. Si angesema tu ana udhuru! Ila hasira zangu, ambazo siku zote ziko puani, sikuzielekeza kwake. Nilizielekeza kwa baraza la madaktari. Katika hospitali alikokuwa akifanya kazi, mama mmoja alipoteza mtoto wakati wa kujifungua, zamu ikiwa ya mume wangu. Baraza likasoma faili, likafuta leseni, bila kumwita wala kumuuliza lolote.

Tulipopeleka kesi mahakamani, wakili wetu alisema hoja ni moja tu: hakusikilizwa. Nililikariri neno hilo kama mtoto wa kipaimara na katekisimu yake. Kanisani, sokoni, kwa mawifi, nilikuwa na hilo tu mdomoni.

Kule Mbeya jaji alisoma hukumu kwa sauti ndogo. Hakusema kama mume wangu alikosea au hakukosea. Alisema mtu hanyang'anywi kazi yake bila kupewa nafasi ya kujieleza. Uamuzi umetenguliwa, baraza lianze upya, na safari hii limwite. Nikapiga kigelegele humo humo mahakamani, karani akanitolea macho.

Wakati wa kurudi, basi liliposimama Chimala niliteremka kununua mchele wa sherehe. Niliporudi kwenye kiti nilimkuta mume wangu analia.

"Wakiniita nitawaambia ukweli," alisema. "Yule mama sikwenda kumwona. Nesi alinipigia mara mbili, nikatoa maelekezo kwa simu. Baadaye nikaandika kwenye faili kwamba nilimpima."

"Baba watoto, watakufutia tena!"

"Huenda. Lakini yule mama mpaka leo anadhani nilikuwepo, nikashindwa."

Nilimkasirikia, nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja. Kisha nikaona aibu. Miezi yote ile nilimtangazia kila mtu kwamba hakusikilizwa, na mimi ninayelala naye kitanda kimoja sikuwahi kumuuliza ilikuwaje.

Nikausukuma mchele chini ya kiti, nikamwambia anieleze tangu mwanzo.