Mji wa Mawe Nilioujenga kwa Udongo

Nakumbuka ule mwaka wa viazi vitamu. Tarakimu zake sizijui, shule niliiacha mapema. Najua tu kwamba muhogo ulioza shambani, kwetu milimani karibu na Bukavu, tukala viazi asubuhi, mchana na jioni, mpaka darasa zima likanuka na hakuna aliyejua amlaumu nani.

Mwalimu wetu alikuwa sista wa Kizungu, kwao Luksemburg. Alisema ni nchi ndogo sana, imebanwa katikati ya Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani. Tukacheka: nchi gani hiyo, ng'ombe akikata kamba ameshaingia kwa wengine! Hakukasirika. Alituchorea ubaoni mji mkuu wake, nao unaitwa Luksemburg vilevile: ngome kuukuu juu ya mwamba, mabonde chini yake, madaraja marefu, na ndani ya mwamba mapango waliyochonga askari wa zamani, ambamo watu walijificha vita ilipokuja.

Enzi zetu hakukuwa na simu ya kutuonyesha. Mimi niliujenga. Mama alikuwa mfinyanzi, basi niliiba udongo wake nikausimamisha mji wote nyuma ya shule, madaraja nikayafanya kwa mabua. Mvua ikiubomoa, kesho yake naanza tena. Sista alipouona alichuchumaa, akayahesabu madaraja yangu moja moja. Jioni akaja nyumbani, akaomba anichukue kwao nikasome.

Mama alikuwa na udongo mpaka viwikoni. Hata hakusimama.

"Haendi. Mungu aliyenipa mtoto hakukosea mlango."

Nililia siku tatu, hata viazi vikanishinda. Nilimchukia mama. Nasema wazi, nilimchukia.

Sasa niko hapa Hillbrow, mtaa wa maghorofa huku kusini nilikohamia ukubwani, ghorofa ya tisa, lifti imekufa. Nalea Neema, binti wa mwanangu, tangu ana miaka miwili. Baba yake alitangulia kutafuta maisha, na mnajua alikofikia? Luksemburg hiyohiyo. Jumapili alipiga simu.

"Mama, karatasi za Neema zimetoka. Huku mabasi ni bure. Hata lifti ipo ya kushuka bondeni, hulipi kitu."

"Inafanya kazi?"

"Usinicheke, mama. Mtoto ni wangu."

Neema alikuwa pembeni yangu. Huyo ameshatembea ule mji wote kwa kidole kwenye simu, na sufuria hajui kusugua.

"Eish, koko," ndivyo wanavyomwita bibi huku, "ni pazuri. Niache niende."

Aliniangalia vile nilivyomwangalia mama siku ile. Sisi tulikitamani kitu tukakifinyanga kwa mikono, mvua ikaja, tukaanza upya. Hawa wa leo wanaletewa kimeshakamilika, na mvua hawaijui. Nikafungua mdomo nimwambie nenda, mwanangu. Nikaona vitabu vyake mezani, na viatu vyake mlangoni kando ya vyangu.

Nikamjibu baba yake:

"Haendi. Mungu aliyenipa mtoto hakukosea mlango."